Kijana Aliyepata Kazi Iliyo Bora

Swali tunalolijibu katika sahifa hii limetufikia kutoka Kegonga, na mwenye kuliuliza ni ndugu yetu mmoja wa pwani aliyehamia huko kwa biashara. Wengi wenu hamkupata kuufikia mji huo. Kegonga ni makao ya utawala wa Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, na msafiri anayetoka Mombasa hupasua nchi yote ya Kenya mpaka kuufikia. Wenyeji wake ni Wakuria, watu ambao mpaka uliwakata pande mbili, wengine wakawa Kenya na wengine Tanzania upande wa Tarime. Ni nchi ya vilima, ya mahindi na ndizi na tumbaku, na Waislamu huko ni wachache.

Ndugu yetu huyo aishi na mwana wa dada yake, kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari. Kijana alipewa kazi ya Jumamosi katika duka la mama mmoja, mjane, kwa ujira wa shilingi 300 kwa siku na chakula cha mchana. Mjomba ndiye aliyemwombea kazi hiyo, na ndiye aliyesema na mama yule kwa maneno ya kumdhamini. Amefanya Jumamosi tatu. Sasa mwenye duka la pembejeo za kilimo, ambalo watu huliita agroveti, amemwambia kwamba atampa shilingi 500 kila Jumamosi, na amemtaka aanze Jumamosi hii. Kijana ataka kwenda. Mjomba aona haya kwa mama yule. Nyumba imegawanyika. Shangazi asema riziki haipigwi teke, na mjomba asema hataki kutembea sokoni ameinama.

Tulilisoma swali hili katika darasa yetu, na wenzetu nao waligawanyika mfano wa nyumba ile. Mmoja alisema kwamba ijara ni mapatano yenye kufunga, basi kijana abaki, wala hapana la kuzungumza. Mwingine alisema kwamba kijana ni kibarua wa siku, leo yupo na kesho hayupo, na hapana anayemdai neno. Sisi twaona kwamba wote wawili walikimbilia jibu kabla ya kuuliza walichopatana mama na kijana. Tulimwandikia mjomba atueleze maneno yaliyosemwa siku ile, na jibu lake lilitufunulia mambo mawili ambayo barua ya kwanza haikuyataja. La kwanza, hapakutajwa muda. Mama alisema, "Njoo Jumamosi tuone," na kijana akasema, "Nitakuja." Baada ya Jumamosi ya kwanza alisema, "Sasa wewe ni wangu, usiniache," naye akasema, "Sikuachi, mama." La pili, na hili ndilo zito, Jumamosi ya tatu kijana aliomba apewe mbele ujira wa Jumamosi mbili zijazo, shilingi 600, akanunulie viatu vya shule. Mama akampa.

Basi swali lina vyumba viwili, na kila kimoja kina ufunguo wake.

Tuanze na zile Jumamosi ambazo hazijalipwa wala hazijatajiwa muda. Ijara katika fiqhi yataka kazi ijulikane au muda ujulikane. Mtu aliyesema "uwe unakuja" bila ya mpaka hakufunga mapatano ya mwaka wala ya mwezi. Kila Jumamosi iliyofanywa imekuwa ijara yake peke yake, na jua lilipotua siku ile mapatano yalikwisha, kikabaki kitu cha kulipwa. Kwa hivyo mwenzetu aliyesema kwamba kijana amefungwa na ijara ya milele alikosea. Hapana ijara ya milele. Nabii Musa alipoajiriwa Madyan, alipatana na mzee yule miaka minane, na kumi ikiwa apenda mwenyewe, kama ilivyoelezwa katika Suratul Qasas. Idadi ilitajwa wazi, na hiari ikatengwa na lazima. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Musa aliutimiza muda ulio mrefu. Tazameni jinsi maneno ya siku ya kwanza yalivyokuwa safi, hata ile nyongeza ya miaka miwili ikajulikana kuwa ni ukarimu. Laiti watu wetu wangeandikishana hivyo, nusu ya ugomvi wa madukani ungekwisha.

Walakini mwenzetu wa pili naye alikosea, kwani lililobaki baada ya ijara si bure tupu. Kijana alisema, "Sikuachi, mama." Hiyo ni ahadi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake cha Adhkar kwamba wanavyuoni wote wanakubali kuwa mwenye kuahidi jambo lisiloharamishwa yampasa alitekeleze. Ila wamehitalifiana, je, ni wajibu au ni sunna? Wengi, na Imamu Shafi miongoni mwao, wanasema ni sunna, na kuivunja ahadi ni karaha kubwa. Wengine wanasema ni wajibu, na Umar bin Abdul Aziz ametajwa miongoni mwao. Basi hata kwa madhehebu yetu, ambayo ndiyo mepesi katika jambo hili, kijana anayelala nyumbani Jumamosi na kumwacha mama akimngoja mlangoni na ufunguo mkononi ametenda lenye kuchukiza, ijapokuwa hapana kadhi atakayemhukumu. Na karaha hiyo huondoka au hupungua kwa njia nyepesi mno: kumwendea mapema, kumweleza, na kumwacha apate mtu mwingine. Mama hakumwahidisha kijana afie dukani mwake. Alilotaka ni asishtukizwe.

Na sheria ya nchi yasemaje? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 35, imegawa mambo kwa jinsi mtu anavyolipwa. Anayelipwa kwa siku, yeye au mwajiri wake aweza kuyakata mapatano jioni ya siku yoyote bila ya notisi. Anayelipwa kwa muda uliozidi siku na usiofika mwezi, kama wiki, hutoa notisi ya maandishi, na kazi hukatika mwisho wa muda mwingine kama huo. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Na kifungu cha 36 chamruhusu mwenye kutaka kuondoka upesi alipe fedha badala ya notisi. Kuna na kazi ya majaribio, ambayo kifungu cha 42 kimeiwekea miezi sita. Humo notisi ni siku saba au ujira wa siku saba. Kijana wetu alipwa kwa siku, kwa hivyo mbele ya sheria angeweza kuondoka jioni bila ya neno. Twayataja haya kwa urefu kwa kuwa wazazi wengi hawayajui, na vijana wengi huogopeshwa na waajiri kwamba wakiondoka watafungwa, au kwamba ujira wao wa siku zilizokwisha fanywa utazuiliwa. Hilo halipo. Ujira wa kazi iliyofanywa ni haki ya aliyeifanya, aondoke kwa uzuri au kwa ubaya, na onyo la Mtume (S.A.W.) juu ya mwenye kumfanyisha mtu kazi kamili kisha asimlipe lajulikana na kila aliyesoma madrasa.

Ila sheria ya nchi ni kizingiti cha mlango. Aliyekivuka amekuwa ndani, bado hajawa mgeni mwema.

Sasa twaingia chumba cha pili, cha shilingi 600, na hapa ndipo wenzetu walipokaa kimya kwa muda.

Fedha hizo zilitolewa kwa Jumamosi mbili zilizojulikana. Muda umetajwa, ujira umetajwa na umepokewa mkononi. Hii haikuwa ahadi tu kama ile ya kwanza. Wanafunzi waliosoma Minhaji ya Nawawi watatukumbusha, na wamo katika haki, kwamba kumwajiri mtu mwenyewe kwa kazi ya siku zijazo zisizoungana na leo hakusihi katika madhehebu ya Shafi. Twawajibu kwamba waongeze ukurasa mmoja. Ikiwa mapatano yalikuwa juu ya kijana mwenyewe, basi yamefisidika, na fedha si zake hata kidogo, ni amana ya mama iliyo mguuni mwake kwa sura ya viatu, na lazima irejee. Na ikiwa mapatano yalikuwa juu ya kazi iliyo katika dhima yake, hayo huweza kuahirishwa, kwa sharti ujira utolewe pale pale, nao ulitolewa. Basi yamesihi, na anadaiwa kazi ya siku mbili. Kwa njia yoyote uiendeayo, shilingi 600 hazimwachi. Ama zifanyiwe kazi, ama zirudishwe kwa ridhaa ya mama, na kurudiana kwa ridhaa ni jambo jema lililo na sifa katika dini.

Na je, kupata kazi iliyo bora ni udhuru wa kuyavunja mapatano yaliyosihi? Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wameupanua mlango wa udhuru. Wetu wameubana. Nawawi ametaja katika Minhaji kwamba ijara haitenguki kwa udhuru kama vile mwenye hamamu kukosa kuni, au mtu kupatikana na safari. Mwenye kukosa kuni amepata hasara ya kweli, na bado hakuachiliwa. Seuze aliyepata faida! Basi twasema wazi: Jumamosi mbili zile ni za mama. Mwenye agroveti hana haki nazo, wala kijana hana haki ya kumpa.

Hapa shangazi atasema, na tumeshamsikia kutoka mbali, kwamba mwenye agroveti hatangoja, na kijana atakosa yote mawili. Hatutamficha. Yawezekana akakosa. Hatuna ahadi ya kumpa kwamba atakayeshika neno lake Jumamosi hii atapata kazi nyingine Jumatatu. Watu wameshika maneno yao na wakalala na njaa. Twasema tu kwamba kazi hiyo ya pili, kwa wiki mbili hizi, si mali yake ya kupoteza. Na kabla ya kulia, aende akaseme. Amwambie yule bwana, "Mzee, nashukuru. Nina Jumamosi mbili nimekwisha kuzilipwa mahali nilipo. Nikizimaliza nitakuja, ukiniwekea nafasi." Mwenye duka la dawa na mbegu ataka mtu wa kumshikia fedha. Akisikia maneno haya na akakasirika, kijana naye amejua jambo juu yake kabla ya kuingia kwake. Na twapenda kumkumbusha bwana huyo, ikiwa sahifa hii itamfikia, kwamba kumtoa mfanyakazi katika mapatano ya mwenziwe yaliyokwisha fungwa kwafanana na kuuza juu ya biashara ya ndugu yako, jambo lililokatazwa. Kumwita kijana asiyefungwa hakuna ubaya. Pengine hakujua habari za zile 600, kijana hakumwambia.

Kuchukua ujira mbele ni jambo ambalo watu wa pwani walijua tangu zamani kwa baharia na mzamiaji lulu. Katika nchi za Ghuba wazamiaji walikopeshwa na manahodha kabla ya msimu, na deni likavuka msimu mmoja hata wa pili, mpaka mtu akawa hawezi kwenda kwa nahodha mwingine ijapokuwa alimpa zaidi. Huko Bahrain, katika miaka ya 1920, utawala ulilazimika kutunga kanuni kila mzamiaji awe na daftari la hesabu yake, ili ajue anadaiwa nini. Na si mbali na Kegonga yenyewe. Mkulima wa tumbaku katika nchi hiyo ya Migori hufanya mkataba na kampuni, akapewa mbegu na mbolea na dawa kwa deni, na siku ya kuuza majani deni hukatwa kwanza. Wengi wametamani kuiacha tumbaku. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwamo la Afya na la Chakula na Kilimo, pamoja na serikali, yalianza Migori mpango wa kuwasaidia wakulima wahamie maharage yenye madini mengi ya chuma, wakapewa mbegu na mafunzo na soko la kuuzia. Mamia ya wakulima waliingia. Nao pia walikuwa watu wanaoacha kazi moja kwa iliyo bora, na aliyekuwa na deni la pembejeo ilimbidi alimalize kwanza ndipo miguu yake iwe huru. Kijana wa shilingi 600 ni mfano mdogo wa jambo hilo hilo. Twamshauri, huko aendako, asiombe ujira wa mbele kwa viatu. Viatu ni kazi ya mjomba, na mjomba asome maneno haya mara mbili.

Sasa tuulize lile ambalo hakuna aliyeliuliza katika nyumba hiyo: je, kazi ya pili ni bora kweli? Kijana ameona 500 kushinda 300, akahesabu faida ya shilingi 200. Lakini duka la pili liko mbali, na mjomba ametuandikia kwamba nauli ya pikipiki ni 50 kwenda na 50 kurudi. Zimebaki 100. Mama humpa chakula cha mchana, na agroveti haitoi. Chakula hicho akikinunua hakipungui shilingi 70. Zimebaki 30 kwa Jumamosi, yaani 120 kwa Jumamosi nne. Hizo ndizo fedha zilizoigawa nyumba.

Walakini sisi hatusemi kwamba kazi ya pili haifai. Twaona yaweza kuwa bora kwa sababu ambayo kijana hakuitaja. Dukani kwa mama atajifunza kupima sukari na kuandika daftari la madeni, na hayo amekwisha kuyajua kwa Jumamosi tatu. Katika duka la pembejeo, katika nchi ya wakulima, kijana mwenye akili atajifunza majina ya mbegu na misimu yake, ataisikia kila siku shida ya mkulima na dawa ya shida hiyo, na atajua hesabu ya bidhaa inayoingia na inayotoka. Ikiwa bwana wake atamfundisha, hizo ni shilingi zisizokatwa nauli. Kwa hivyo swali la kumwuliza si "utanilipa ngapi" peke yake, bali "nitafanya kazi gani?" Kwani pana hatari yake pia. Humo mna sumu za kuua wadudu na magugu. Sheria ya Kenya yamruhusu mtu wa miaka 16 kuajiriwa, lakini mpaka atimize 18 yeye ni mtoto, na hairuhusiwi kumtia katika kazi yenye madhara; Kenya iliridhia mwaka 2001 mkataba wa kazi wa kimataifa wa 1999 unaokataza hayo. Basi kijana auze, apange, aandike. Asifungue madumu ya sumu kuipima katika vichupa, wala asiifagie ikimwagika kwa mikono mitupu. Na mjomba aende alitazame duka kwa macho yake, kama lina leseni ya bodi ya serikali inayosimamia dawa hizo. Akikuta sumu imewekwa karibu na unga wa kuku, na bwana anacheka akiulizwa, arudi na kijana wake.

Twayasema haya kwa kuwa katika nchi hiyo neno "kazi iliyo bora" huwapeleka vijana pabaya. Wako wanaoitwa kuchuma tumbaku, ambapo malipo ya siku huonekana makubwa; na majani mabichi yaliyolowa umande huingiza nikotini mwilini kwa njia ya ngozi, mtoto akarudi nyumbani anatapika na kichwa kinamzunguka, watu wakasema ni malaria. Wako wanaovuka kwenda katika mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, ambako udongo huporomoka juu ya watu na zebaki hushikwa kwa vidole. Aliyeacha duka la mama kwenda huko ameongeza ujira na amepunguza umri. Kijana wetu, twashukuru, hakutaka hayo.

Limebaki jambo la haya ya mjomba. Yeye ndiye aliyemdhamini, na aona kwamba kijana akiondoka neno lake litaanguka. Twamwambia kwamba alimdhamini kwa uaminifu, hakumdhamini kwa kukaa. Mama akikuta hesabu yake imetimia, ufunguo umerudi na Jumamosi zake mbili zimefanywa, dhamana imetimizwa. Lakini mjomba asiende peke yake kumwombea kijana radhi. Alimpeleka kuomba kazi. Sasa ni zamu ya kijana kusema, na mjomba asimame nyuma. Mtoto aliyesemewa kila siku na wakubwa hujifunza kutoroka, kwani hakupata kuona jinsi mtu anavyoondoka kwa mlango wa mbele.

Aende siku ya kazi isiyo na wateja wengi, au jioni kabla ya duka kufungwa, asiende Jumamosi asubuhi watu wamejaa. Aseme kwa adabu na kwa ufupi, mathalan: "Shikamoo mama. Nimepata mahali pengine pa kazi, na nitakwenda nikimaliza Jumamosi mbili ulizonilipa. Nimekuja mapema ili upate mtu. Nikikuta mwenzangu kabla ya siku hizo, nitamfundisha bei na daftari." Asiongeze sababu nyingi. Asiseme kwamba mjomba amelazimisha, wala kwamba masomo yamezidi, kwani Jumamosi ya tatu mama atamwona amesimama katika duka la pili na mji ule ni mdogo. Mama akimwambia, "Basi nenda leo, nirudishie zangu," yamekwisha kwa ridhaa, na mjomba amkopeshe hizo 600 siku hiyo hiyo. Akimwambia, "Nenda, na fedha nimekusamehe," ashukuru, naye mjomba ampelekee chochote, kwani mjane si mtu wa kuachiwa kusamehe peke yake. Na akikasirika, avumilie. Ana haki ya kukasirika kidogo. Amemfundisha kijana Jumamosi ya kwanza nzima, na siku ile hakupata faida kwake.

Na yale aliyoyaona katika daftari la madeni, nani anakopa na nani halipi, yabaki dukani kwa mama. Wateja wa duka la pili ni watu wale wale. Bwana wake mpya akimwuliza, "Fulani hulipa?" jibu ni kwamba hilo la mama.

Jambo la mwisho katika barua ya mjomba: ameuliza kama aweza kumpeleka mdogo wake kijana, mwenye miaka 12, azifanye zile Jumamosi mbili badala yake, ili kijana aende upesi. Ni kweli kwamba kazi ikiwa katika dhima, mwenye kudaiwa aweza kumleta mwingine aliye sawa naye. Huyu si sawa naye. Mama alichagua mtu wa kumwachia ufunguo, na mtoto wa miaka 12 haachiwi ufunguo. Na sheria ya nchi imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13 katika kazi yoyote, na wa 13 mpaka 16 hairuhusu ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Mdogo huyo abaki nyumbani Jumamosi, na kaka yake aende mwenyewe.